Kichwa cha Cherehani Kutoka Mbale

Vuta hicho kibenchi ukae, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili nitalieleza polepole, kama ninavyomfundisha mtu kukata kola. Ukipotea, nisimamishe.

Nashona nguo kwenye baraza moja hapa Nalufenya, Jinja. Shule moja ya jirani ilinipa kazi ya sare za wanafunzi wapya, na mwalimu mkuu akaniambia waziwazi: "Mama, muhula ukifunguliwa watoto hawana sare, kazi yangu nampa mwingine. Na ya mwaka ujao pia." Haikupita wiki, kichwa cha cherehani yangu kikafa. Kichwa ni ile sehemu ya chuma ya juu, yenye sindano na gurudumu la mkono. Meza na pedeli zilikuwa nzima. Nilihitaji kichwa tu.

Nikakiona kwenye mnada wa mtandaoni. Picha ilionyesha kichwa cheusi kinachong'aa, maua ya dhahabu ubavuni, kimewekwa juu ya kitambaa cha kijani. Muuzaji alikuwa Mbale. Nikapandisha bei, mtu mwingine akapandisha, nikapandisha tena, mnada ukafungwa mimi nikiwa mshindi. Nikalipa kwa simu. Mzigo ukaja na dereva wa taksi, haya mabasi madogo ya abiria, umeshonewa ndani ya gunia.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la malezi yetu. Sisi tulifundishwa kwamba kifurushi hakifunguliwi mbele ya aliyekileta. Ukikifungua, ni kama kumwambia kuwa unamshuku. Unapiga goti, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaingiza ndani. Hiyo ni adabu ya zawadi, nami nikaipa bidhaa niliyoinunua. Nilimshukuru yule dereva mpaka akaona haya, kisha nikafunga mlango ndipo nikakata kamba.

Gurudumu lilizunguka vizuri kidogo, likakwama. Nikageuza kichwa nikatazama chini yake. Mhimili wa ndani ulikuwa umevunjika na kugandishwa kwa gundi. Kutu ilifunikwa kwa rangi mpya. Yale maua ya dhahabu yalikuwa karatasi za kubandika, tena yamebandikwa upande.

Nilipompigia muuzaji, alicheka. "Mama, mimi nilituma kizima. Ulifungua mbele ya nani?"

"Peke yangu."

"Basi iulize nyumba yako."

Akakata, na hakupokea tena. Wenye mnada nao walitaka picha za mzigo ukifunguliwa. Sikuwa nazo.

Niliamua kwamba kichwa kile hakitanila mimi na sare pamoja. Nikaanza kukata vitambaa vyote, kazi ya mkasi isiyongoja cherehani, na kila nilipoweka mkasi chini nilifungua ukurasa wa mnada. Hatimaye nikaiona picha ile ile: kitambaa cha kijani, na mkunjo ule ule pembeni. Jina la muuzaji tu ndilo lilikuwa jipya.

Nina wifi yangu anayekaa Nabuyonga, kule Mbale. Nikampigia.

"Wifi, nataka uninunulie kitu kibovu."

"Kibovu tena? Si tulishakupa kaka yetu?"

Tulicheka, kisha nikamweleza hatua moja moja. Akashinda mnada. Akamwambia muuzaji kwamba anasafiri kuja Jinja, ana haraka, kwa hiyo amletee mzigo steji, pale kituo cha taksi, na atalipa hapo hapo. Mnunuzi mwenye haraka hapekui, na muuzaji alilijua hilo. Alikubali upesi.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeshafika Mbale, pale steji, na gunia langu lenye kile kichwa kibovu. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa steji, mzee wa kaskazini aliyestaafu jeshini, ambaye kila mtu pale humwita afande. Nikamweleza yote. Akasema, "Kaa nyuma yangu. Wacha aje."

Akaja kijana nadhifu, kabeba gunia begani. Wifi akalishika kamba.

"Nafungua."

"Mama, hapa mbele za watu? Mbona unanidharau hivyo?"

"Kwani ndani kuna bibi harusi?" wifi akamjibu. Makondakta wakaangua kicheko, wakasogea.

Wifi akakata kamba huku simu ya kondakta mmoja ikipiga picha. Akazungusha gurudumu. Likazunguka, likakwama. Kijana akaanza kuwaeleza watu kwa Kigisu, lugha ya kule Mbale, kwamba ni barabara, ni mtikisiko.

"Sema Kiswahili," afande akamwambia. "Mimi pia nataka kusikia."

Ndipo nikatoka, nikaweka kichwa changu kando ya kile. Rangi ile ile, gundi ile ile, hata maua yamepinda upande ule ule. Nikaweka simu yangu katikati, picha ya kitambaa cha kijani ikiwa wazi.

"Mwanangu," nikamwambia, "kizima kiko wapi?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Hakipo, mama. Picha niliitoa kwenye duka la watu huko mtandaoni."

"Afande, tumpige?" mmoja akauliza.

"Hapana," nikasema kabla afande hajajibu. "Mtu aliyepigwa harudishi kitu. Arudishe pesa yangu."

Akarudisha kwa simu, hapo hapo. Zile picha za kondakta tulizipeleka kwa wenye mnada, na majina yake yote mawili yakafutwa.

Sikurudi Jinja mikono mitupu. Nilipanda taksi mpaka Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kwa fundi mmoja anayeuza vichwa vya zamani. Nilitoa kipande cha kitambaa cha sare na uzi wangu mwenyewe, nikashona mstari mrefu kwa kichwa nilichokichagua, mbele yake, kabla hatujasema bei. Hakukasirika. Alinisogezea kiti.

Muhula ulipofunguliwa, watoto walipita mbele ya baraza langu wakiwa ndani ya sare zangu, mikono mirefu kidogo, maana watoto hukua.

Basi nawe, mzigo wa mnada ukifika, uweke chini mbele ya aliyeuleta, washa kamera ya simu, kata kamba, kijaribu kitu chenyewe mpaka kifanye kazi yake. Kisha ndipo useme asante.