Mke Mwenza Katikati ya Uwanja

Mfua sare wa uwanja wa kriketi wa mkoa alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa udongo mtupu. Usicheke. Wenzake wanaporwa waume na wanawake wenye midomo na miguu. Yeye wa kwake aliporwa na pichi, ule ukanda mwembamba katikati ya uwanja ambapo mpira hurushwa na kupigwa. Mumewe ndiye aliyekuwa mtunzaji wake.

Walifika pale wakiwa maharusi. Uwanja wenyewe ulikuwa malisho ya ng'ombe yaliyozungushiwa kamba, na jukwaa moja la mabati lililopiga kelele kila upepo ukivuma. Wakapewa chumba nyuma ya banda la rola, lile gurudumu zito la kushindilia udongo. Miaka ikaenda. Jukwaa la zege likasimama, vikaja vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto, ukaja ubao wa matokeo wa umeme na taa ndefu kama minara. Chumba chao kilibaki vilevile, na paa lake lilivuja. Mvua ikianza kudondoka, mume alichomoka mbio kwenda kuifunika pichi kwa turubai, na mke alibaki akihamisha beseni kutoka pembe hii hadi ile, roho inamuuma.

Kila asubuhi mwanamume yule alipiga magoti pale, akakandamiza udongo kwa kiganja, kisha akachomeka ufunguo wa nyumba kupima unyevu wa chini. Ufunguo wa nyumba, jamani! Kitasa kilijaa matope hadi kikagoma, na mfua sare, mama mzima, akawa anaingia kwake kupitia dirishani.

"Wifi, ndiyo unaonea wivu nyasi?" dada wa mume alimtania siku alipomkuta mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nyasi gani? Kazinyoa zote! Naonea wivu udongo. Kaka yako anausalimia kabla yangu."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mfua sare hakuona cha kuchekesha.

Mume alipofikia kustaafu, mke hakuficha furaha yake. Nyumba yao ndogo ilikuwa imekwisha kujengwa, mbali na uwanja wowote. Hakutaka makubwa: alitaka mume wake, akae naye asubuhi wanywe chai, amwangalie yeye. Siku ya kuhama lori likapakiwa hadi godoro la mwisho, na mume haonekani. Mke alijua pa kumtafuta. Akajifunga kibwebwe, akaenda na maneno yamemjaa mdomoni.

Alimkuta nje ya kamba, amekunja mikono. Katikati ya uwanja mtunzaji mpya, bwana mmoja mtaratibu mwenye kofia, alimaliza kupitisha rola, akapiga magoti, akaweka kiganja.

"Mzee, lori linatusubiri."

"Muone," mume akasema. "Muone anavyoishika."

"Anaishika vibaya?"

"Hapana. Anaishika vizuri."

Mke akamtazama usoni. Taya zilikuwa zimekaza, jicho limeiva. Sura ile aliijua vizuri, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiivaa yeye maisha yake yote pale. Alitegemea angepiga kigelegele siku mke mwenza atakapopata bwana mwingine, lakini kifua kilimwaka kuliko mwanzo. Miaka yote wachezaji walikuwa wakimsifia yeye, mfua sare, uzuri mbele ya mumewe, wakimwita mrembo, wakimpa mikono wasitake kuiachia, na mume aliuliza tu kama wamefuta viatu kabla ya kukanyaga pichi.

"Kumbe wivu unao," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nami miaka yote nilidhani hukuumbiwa."

Mume hakumsikia. Alikuwa anamwangalia yule bwana.