Chanjo ya Huseni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja huko Marambo, wilayani Nachingwea, mganga mfawidhi alinikabidhi rejesta, kitabu kipana cha kuandikia watoto na chanjo zao. "Sindano utaizoea wiki hii hii," aliniambia. "Kitabu hiki ndicho kitakachokutoa jasho."

Alisema kweli. Msimu wa ufuta familia zilihamia mashambani, nyingine hadi Ruangwa, na mtoto asiyeonekana tulimwandika mtoro, yaani aliyekatisha chanjo. Huenda alichanjwa kwingine. Hatukuwa na njia ya kujua. Mwaka mmoja mama alifika bila kadi, akaniapia kwamba binti yake amemaliza zote. Nikamwamini. Yule mtoto aliugua surua, jicho moja likapofuka. Hilo sijalisahau.

Baadaye nilihamishiwa Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Huko ndiko vishikwambi vya kuandikia chanjo vilikonikuta. Mratibu wa chanjo wa wilaya alitufundisha: mtoto akichanjwa Nachingwea, ukitafuta jina lake ukiwa Ruangwa unaona kila dozi.

Asubuhi moja alikuja mama aliyehamia kutoka Marambo, na watoto wake pacha, Hasani na Huseni. Kadi zao zilikuwa zimelowa mvua, hazisomeki. Nikatafuta kwenye kishikwambi. Hasani alikuwa amepata chanjo ya surua. Huseni hakuwa nayo.

"Wote wamechomwa," mama alisema. "Nesi, unaniona mwongo?"

"Hapana, mama. Nakuuliza tu siku ile ya chanjo ilikuwaje."

Bibi yao, aliyekuwa amempakata Huseni, akaingilia: "Si siku ile huyu alikuwa na homa? Ulimwacha na mimi."

Mama akajishika mdomo. "Nilitaka kumpeleka akipona. Ndipo tukahama."

Nikamchanja Huseni palepale. Akalia, Hasani naye akaangua kilio ingawa hakuguswa, tukacheka sote. Hazikupita wiki nyingi surua ikaingia kitongojini kwao. Nilikwenda kuwatazama. Niliwakuta pacha uani, wazima, wakigombania kipande cha muhogo.

Sasa nimestaafu, niko Nachingwea na mikorosho yangu michache. Wauguzi vijana hunipigia simu wakikwama, nami hufurahi. Nawaambia kishikwambi kinajua kile tu tulichokiandika. Kikitofautiana na mama, msibishane naye. Muulizeni taratibu, na mumuulize pia aliyebaki nyumbani na mtoto.