Kofia Iliyokunywa Dawa

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa la mdomo. Kwenye arusi ya mdogo wangu kule Gazi, ndugu zangu walikuwa wakimtania mume wangu kama ilivyo ada kwa mashemeji, nami sikutaka kupitwa. Umeme ulipokatika nikapaza sauti mbele ya ukoo mzima: "Mvueni kofia huyo, tupate kuona tunachokula!" Watu wakacheka hadi pilau ikawapalia. Yeye naye alicheka. Tangu siku hiyo sikukiona tena kichwa chake.

Sitii chumvi. Aliamka na kofia, akashona nguo za watu na kofia, akalala na kofia. Ni fundi cherehani hapa Msambweni, mtu mpole, na upole wake ndio ulionitesa, kwa kuwa hakunilaumu hata mara moja. Kabla ya arusi ile alikuwa na mazoea ya kulaza kichwa mapajani mwangu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nami nikimpapasa nywele zake chache mpaka apitiwe na usingizi. Nilikipenda kichwa kile. Nilikitaka kirudi, kiwe na nywele au kisiwe nazo.

Badala ya kuomba radhi, nikaleta dawa. Ninauza katika duka moja la dawa Ukunda, na kazi ile humfanya mtu aamini kwamba kila jambo lina chupa yake. Nikaweka sharti: kitu kimoja kwa wakati mmoja, miezi mitatu kila kimoja, ili tujue kipi kimefanya nini.

Tukaanza na mafuta ya nazi aliyoyapika mama mkwe. Yalizing'arisha nywele zilizopo. Zilizokwisha kwenda zake hayakuzirudisha. Mafuta ya habasoda yalimtuliza ngozi iliyokuwa ikimwasha, basi. Ya mbarika yalikuwa mazito kama uji uliolala, yakaharibu foronya mbili. Maji ya kitunguu hayakumaliza hata wiki, maana mteja aliyekuja kupimwa kanzu aliuliza leo kunapikwa nini. Niliposimuliwa nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu, kisha nikajisuta.

Shida ni kwamba nilikuwa nikipima kichwa nisichokiona. Alijipaka mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ushahidi wangu ulikuwa kofia: kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuifua, niliigeuza ndani nje nikatazama imebeba vinywele vingapi.

"Zarudi?" nilimuuliza.

"Alhamdulillahi," akajibu. Jibu hilo huwezi kuligombania.

Mwishowe nikaleta minoksidili, dawa ya maji ya kupaka, ambayo wateja nawaeleza bila kuwapamba: haimfai kila mtu, yataka miezi, mwanzoni nywele huweza kupukutika zaidi, na ukiiacha, ulichokipata nacho huondoka. Nikamwandikia maagizo kwenye boksi kwa mkono wangu. Asubuhi ukiamka, na tena jioni.

Mwezi wa tatu wa dawa hiyo, Ijumaa, naigeuza kofia, safari hii natazama kitambaa badala ya kuhesabu vinywele, nakuta imekakamaa kwa ndani. Alama za weupe zimeizunguka, na vile vito, vijitundu vya nakshi nilivyovidarizi mwenyewe mwaka wa ndoa yetu vimeanza kufumuka. Nikainusa. Ilikuwa dawa tupu.

Nikakaa chini pale pale kando ya beseni la kufulia. Kwake yeye kuamka ni alfajiri: anajipaka dawa, anatawadha, anapitisha mikono yenye maji kichwani, anavaa kofia, huyo msikitini. Iliyosalia baada ya udhu ilinywewa na kofia. Jioni ni vivyo hivyo, magharibi ikimkimbiza. Na aliyeandika maagizo ni mimi, niliyezaliwa nikakulia katika udhu huo huo. Nilipandwa na hasira, na hapakuwa na wa kumkasirikia.

Alipoingia nikamwonyesha.

"Sasa utajipaka ukisharudi msikitini," nikamwambia. "Na kofia huvai mpaka dawa ikauke."

"Yakauka muda gani?"

"Si haba. Itakubidi ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapa uani. Na mimi."

Aliutazama mlango. Nikaona nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Niwie radhi kwa yale maneno ya Gazi, mume wangu. Nilitafuta kicheko kwa watu nikakuumiza wewe. Nimekuletea chupa tano kwa sababu niliona haya kukuletea neno moja."

Aliketi kwenye kibao, akavua kofia, akaiweka gotini. Nywele zilikuwa zimepungua kuliko nilivyozikumbuka, na pale utosini jua lilimpiga moja kwa moja. Nikampaka dawa kwa kidole, taratibu, naye akafumba macho.

Hadi leo vimeota vinywele laini kidogo, na wateja siwaahidi zaidi ya hapo. Lakini siku ile, dawa ilipokwisha kukauka, nilichukua uzi nikauzungusha kichwani mwake, nipate kipimo cha kofia mpya.

"Umevuta sana," fundi alisema bila kufumbua macho. "Legeza."

Nikalegeza. Nikapima mara ya pili, na ya tatu, ingawa kipimo nilikuwa nimeshakipata.