Mgomba wa Nyuma ya Mlango

Juma lililopita nilikuwa Tunduma, nimeketi barazani kwa mzee mwenye vyumba vya kupangisha, nikisubiri lori la kurudi Mbozi. Wakaja mume na mke kutafuta chumba. Mume alibeba sanduku. Mke, mtu wa Ihanda, kule kwetu Mbozi, kwa lafudhi yake, alitusalimu huku amekumbatia chipukizi la mgomba ndani ya gunia lililoloweshwa maji.

Mume aliingia chumbani, akagonga ukuta, akasifu bati na chokaa. Mke hakuingia. Alizunguka uani, nasi tukamfuata. Nyuma ya kila mlango palikuwa na migomba iliyosongamana, mashina ya mama, binti na wajukuu.

"Mzee, migomba hii ni yako?"

"Hapana, mama. Kila mpangaji na wake."

"Na aliyetoka chumba hiki amekwenda wapi?"

Mzee akaonyesha mlango wa mwisho. "Watoto wameongezeka, amechukua kile kikubwa. Ndizi bado anakuja kukata hapa."

Mume akatoka akijifuta chokaa mikononi. "Zile nyumba mbili za asubuhi zilikuwa nzuri kuliko hii."

"Uani kwao kulikuwa na majivu tu," mke akajibu. "Anayejua atahama hapandi mgomba, maana atakayekula ni mwingine."

Mimi nimepanga nyumba nyingi, na kila mara nilitazama paa. Kumbe nilikuwa natazama juu bure. Mume alipoanza kuulizia kodi, mkewe alikwisha azima jembe kwa jirani.