Mawese Kwenye Giya

Roboti yetu ilikuwa na sura mbaya, na nalisema hilo mapema kwa sababu watu waliicheka kabla hata ya kujua inafanya nini. Kiwiliwili chake kilikuwa ubao wa dawati lililovunjika, mkono wake spoki za baiskeli, na vidole tulivivisha vipande vya kandambili ili visiteleze vikishika chupa. Vitu vya maana, yaani mota, giya, betri na kile kibao cha umeme kinachobeba maagizo, vilikuwa vya kuazima. Waandaaji wa mashindano ya roboti walikuwa wamezikopesha shule chache za Mkoa wa Kigoma seti moja moja, na kwa kuwa shule yetu ya kambini nayo ilikuwa shule, tukapata ya kwetu. Sharti lilisomwa mbele ya wote: shule itakayoshika mkia itarudisha seti yake, igawiwe wengine.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuishi kambini ataelewa jinsi sharti lile lilivyotukaa rohoni. Tangu tuvuke kutoka Burundi, kila kitu chetu kilikuwa cha muda, hata nyumba tuliyolala. Mgao tulipewa, tukala, na nashukuru. Lakini unga haumuulizi mtu anafikiri nini. Ile seti iliniuliza. Mchana, darasa la mabati likiwa limechemka, tuliizunguka wasichana wanne tukibishana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo cha kuringia. Kwa muda ule sikuwa mkimbizi. Nilikuwa mtu mwenye kazi ya kufanya, tena mwenye hasira za karibu, kwa sababu spoki hazikutaka kupinda nilivyotaka mimi. Nikifikiria kurudishiwa jioni tupu zisizo na ile seti, nilizishika spoki nikaanza upya.

Tatizo letu kubwa lilikuwa kelele. Kila mkono ulipoinuka, giya zililia hadi wa madarasa ya jirani wakalalamika. Mwalimu wetu wa fizikia, mkimbizi mwenzetu, akasema zinataka mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani hatukuwa nayo, ila mawese yalikuwepo kila nyumba. Mtu wa pande hizi za ziwa, awe Mrundi au Muha, ukimwambia mafuta, anachoona kichwani ni mekundu. Tulichovya unyoya wa kuku, tukapaka jino kwa jino. Kelele zikaisha. Mkono ukapanda taratibu, bila kukwama, tukashangilia, na kwa furaha tukapaka tena.

Siku ya mashindano tuliteremka mjini tukiwa na vibali vyetu vya kutoka kambini. Barabara ilipofunguka nikaliona ziwa. Mara ya mwisho kuliona nilikuwa kwenye meli iliyotutoa Kagunga, kijiji cha mpakani tulikofikia, nimeshika ndoo yenye nguo zetu zote. Safari hii nilikuwa nimepakata roboti. Nilicheka peke yangu, mwenzangu akaniuliza kama nimepagawa.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, na kwa heshima ya wageni kilikuwa kimewashwa tangu asubuhi. Sisi tuliotoka kwenye mabati tuliona tumefika peponi. Tukachagua meza iliyokuwa chini yake kabisa, roboti ikapulizwa ubaridi kama mheshimiwa.

Katikati ya ukumbi palikuwa na ubao mkubwa uliopakwa rangi uwe kama ufukwe, na juu yake chupa tupu zimetapakaa. Roboti ilitakiwa kuziokota na kuzitia kapuni. Timu moja moja iliitwa. Ilipokaribia zamu yetu, tukaijaribu mara ya mwisho. Mkono haukupanda. Mota iliguna, ikatetemeka, basi.

Tulikagua nyaya. Mwalimu akapima betri, akaikuta nzima. "Mana yanje!" mwenzangu mmoja akamwita Mungu kwa Kirundi, akaanza kulia. Mimi nilimfokea aache kulia, kisha nikaanza kulia mwenyewe.

Meza ya jirani ilikuwa ya wasichana wa shule moja ya Ujiji. Kiongozi wao, msichana mrefu mwenye hijabu nyeupe, alikuwa akitutazama muda wote. Akaja, akainama, akanusa.

"Hee! Dada zangu, hii mmeiunda au mmeikaanga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa na jibu baya tayari mdomoni, lakini yeye alishaingiza kucha kati ya meno ya giya, akaitoa na kitu kigumu cha rangi ya chungwa.

"Yameganda haya. Kwetu Kasingirima, asubuhi za kipupwe, dumu tunalianika kwanza ndipo mtu apike. Itoeni nje juani."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama yangu alifanya hivyohivyo kila asubuhi ya baridi, na mimi ndiye niliyekuwa nalitoa dumu nje. Lakini nani angefikiria kipupwe ndani ya ukumbi wa Kigoma?

Hapohapo jaji akatuita. Mwalimu akamsogelea, akamwamkia, akaomba tuwe wa mwisho. Jaji alikuwa mtu mzima mpole, ila kanuni ni kanuni. Zamu haibadilishwi, alisema, isipokuwa timu nyingine ikubali kubadilishana nasi. Timu pekee iliyokuwa imebaki ni ya wale wa Ujiji.

Betri yao ilikuwa bado kwenye chaji. Mmoja wao akamvuta kiongozi wao mkono. "Wewe, haijajaa. Tukishika mkia je?"

"Hata wao wanaweza kushika mkia," kiongozi akajibu. "Lakini wakienda sasa hivi hawashindani na sisi. Wanashindana na mawese."

"Na seti yetu?"

Kiongozi alitazama roboti yao, iliyokuwa nzuri kweli, imepakwa rangi ya kijani, kisha akatutazama sisi tulivyokuwa tumelowa machozi. "Twende," akasema. Yule aliyemvuta mkono akaenda kuchomoa chaja mwenyewe, amenuna, hakutuangalia. Yeye pia namshukuru. Angeweza kugoma.

Tuliketi kwenye ngazi za nje, roboti mapajani mwangu, jua la Kigoma likitupiga utosini. Mawese yakaanza kulegea, kisha kutiririka, nami nikayafuta jino kwa jino kwa pindo la kitenge. Kupitia mlangoni tulisikia watu wakishangilia roboti ya kijani. Ilikuwa na kasi. Kisha makofi yakapungua, yakawa machache, yakakoma. Tulipoingia tuliikuta imesimama katikati ya ufukwe, chupa ingali mkononi, haina nguvu ya kuifikisha kapuni.

Yetu ilikwenda polepole kama bibi anayetoka sokoni, lakini haikusimama. Iliokota, ikageuka, ikatia, ikarudi. Watu waliokuwa wakiicheka wakaanza kuihesabia chupa kwa sauti. Hatukushinda, tena tulikuwa mbali na ushindi. Ila hatukushika mkia. Walioshika mkia ni wale wa Ujiji.

Nilifurahi hadi nikaona aibu ya kufurahi. Nilimfuata kiongozi wao, nikasema tu, "Dada, samahani."

"Samahani ya nini? Nendeni mkashangilie," akasema, macho yakiwa mekundu. "Na mtafute mafuta ya cherehani, jamani."

Nimepokea misaada mingi maishani, na mingi ilinifikia kutoka kwa watu ambao hawakupungukiwa na chochote kwa kunipa. Siidharau, imenilea. Lakini msichana yule alinipa alichokuwa akikihitaji yeye mwenyewe, saa ileile alipokuwa akikihitaji, na wala hakujua jina langu. Leo natengeneza mitambo, nakula kwa kazi hiyo, na kila ninaposifiwa namkumbuka yeye kwanza.

Baadaye vitu vya seti yao viligawiwa, na sehemu ikaletwa kambini. Mwalimu aliweka boksi juu ya meza, hakuna aliyetaka kulifungua. Nililifungua mimi. Giya zilikuwa zimefutwa zote. Nyaya zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa kushonea. Chini kabisa palikuwa na betri, nami nikaiunganisha na mota ili nione kama inafaa. Mota ikazunguka kwa nguvu hadi ikaruka mezani. Walikuwa wameijaza chaji kabla ya kuitoa.