Kivuli cha Kanga Bustanini

Mashairi yangu karibu yote nimeyaandika nikiwa nimelala chali chini ya kanga ya mama yangu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nina chumba cha kuandikia chenye meza na pazia. Nina fimbo nne. Kila mwaka, mwezi wa kumi, jua linapowaka hasa na vuli bado inatuzungusha, baba alikuwa anakata fimbo nne kando ya kijito, anazisimika katikati ya matuta yake ya mboga, anafunga kanga juu yake kwa pembe zote, halafu ananipigia simu Mafiga, mjini ninakoishi, kuniambia chumba changu kiko tayari.

Basi nafunga mlango na kwenda. Bodaboda inanifikisha mpaka pale mlima unapoikatalia, kisha naendelea kwa miguu, nikihema, nikimlaumu aliyeipanga milima ya Uluguru ianze ghafla hivyo nyuma ya mji. Nikifika juu nageuka. Mji uko chini, mabati yanamemetuka, na mbali kabisa tambarare imeyeyuka kwenye joto mpaka huoni inaishia wapi. Nyuma yangu ni bustani na mlio wa maji kwenye mfereji. Hapo hasira za safari zinaisha zenyewe.

Watu wakisikia bustani wanafikiria mawaridi. Baba yangu ni mkulima wa mboga: mchicha, figili, letusi, giligilani, maboga pembeni. Lakini ana tabia ya kuacha matuta kadhaa bila kuvuna ili apate mbegu, na mboga ikiachwa inachanua. Nani huwa anakaa kutazama ua la figili? Ni jeupe lenye zambarau kwa mbali, jepesi kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Giligilani inachanua povu. Letusi inarefuka mpaka kifuani na kutoa vijua vidogo vya njano vinavyojifunga mchana. Nyuki wanajaa humo, na ule mvumo wao na joto la saa saba hukutia usingizi wa mang'amung'amu, ule ambao unasikia kila kitu na wewe mwenyewe hupo popote.

Maneno yangu yanatoka huko. Mwanga ukipita kwenye kanga nyekundu na njano unashuka na rangi zake. Karatasi inakuwa ya chungwa, vidole vinakuwa vya chungwa, upepo ukivuta kanga rangi yote inahama na kurudi. Maandishi ya kanga nayaona kwa nyuma, herufi zimegeuka, nayasoma bila kuyaelewa kama mtoto wa chekechea. Kisha neno moja linakuja lenyewe, linakaa. Sijui lilikuwa wapi. Naliandika kabla halijaondoka, nalala tena, nangoja mwenzake. Siku nyingine napata ubeti mzima. Siku nyingine napata usingizi tu, na huo nao sikatai.

Jioni mama alikuwa anataka kusomewa. Alikuwa ameshatoka kuuza mboga mjini, amechoka, anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kunisikiliza huku anachambua mchicha. Hukumu yake haikubadilika miaka yote: "Refu mno." Nikipunguza, anasema sasa limekuwa fupi, lakini zuri. Baba alikuwa anamwagilia, na nilijua anasikiliza kwa sababu maji yalikuwa yanamwagika mahali pamoja mpaka mche unaogelea.

Kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa linanipandisha presha kwenye bustani ile. Haikuwa na mti. Hata mmoja. Majirani wote walikuwa na migomba, mifenesi, miparachichi. Sisi utoto wetu wote tulikuwa watu wa kwenda kupewa fenesi kwa watu. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza baba kwa nini asipande walau mti mmoja wa kivuli, ili tuache habari hii ya kufunga kanga kila mwaka. Akasema mboga inapenda jua. Mwaka mwingine nikauliza tena, akasema mizizi ingekula mfereji. Nikamwambia mfereji uko kule, mti ungekaa huku. Akasema, "Tuone msimu huu." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Baba hakuwahi kuzungumza habari inayovuka mvua zinazokuja.

Nikajiambia basi, baba hapendi miti, wengine hawapendi paka. Riziki yangu naipata kwa kuchora kuta za shule za chekechea, simba, herufi, mtoto anapiga mswaki, na kila mwalimu mkuu anataka na mti. Hapo ndipo ninapoumbuka. Simba wangu watoto wanamkimbia, lakini mti wangu unafanana na mwavuli uliosahaulika. Mwalimu mmoja alisimama kuutazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama nilikulia jangwani.

Mama alifariki mwaka huu, masika yakiwa yanaishia. Sitaeleza sana, aliugua kwa muda mfupi, tukamzika kule juu kwa watu wake, mvua ikinyesha. Nililia mpaka sauti ikapotea. Baada ya misa ya arobaini ukoo ukakaa. Ukoo wa mama, maana kwetu sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama: bibi alimpa mama, na sisi watoto ni wa ukoo wa mama. Baba alikuja pale kuoa. Kwao ni upande wa Ngerengere, kule tambarare, na watu wa ukoo wake wako huko.

Aliyezungumza ni mjomba, kaka yake mama, mkubwa wa ukoo sasa. Alisema bustani ni yangu kuanzia siku hiyo, kwa kuwa mimi ndiye binti. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la mazishi, kwa heshima na bila kupamba. Mimi sikuwa na haja ya kufikiri; nikasema hapohapo kwamba baba anabaki bustanini kama kawaida. Wote wakaitika. Baba akashukuru, akaangalia mikono yake, akasema atamalizia mboga zilizopo, kisha vuli ikianza atakwenda Ngerengere.

Damu ilinichemka. Nilimfuata nje nikamuuliza ni nani aliyemfukuza. Akasema hakuna. Nikamwambia abaki, ni kwake. Akanitazama kwa huruma, yaani yeye ndiye ananihurumia mimi.

"Mama, mimi nilikuja hapa kwa mama yako," alisema. "Kwako nitakuwa mgeni."

Nilijibu kwa ukali kwamba huo ni upuuzi. Akachukua keni yake akaenda kumwagilia.

Kuanzia siku hiyo hakuna neno lililonijia. Nilikaa Mafiga na kalamu, nikachora simba na namba, nikalala, nikaamka. Nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mtu: nilimpoteza mama, na sasa baba anateremka kwenda tambarare, kwenye vumbi, mbali na maji yake, na mimi nabaki na bustani yenye jina langu isiyo na mtu ndani.

Mwezi wa kumi simu ikalia. Chumba kiko tayari. Nikapanda. Fimbo nne zilikuwa mahali pake, kanga ilikuwa ya mama, ile aliyokuwa anajifunga akienda sokoni. Matuta yalichanua kama kawaida, lakini nyuma ya yale yaliyochanua hapakuwa na kitu. Kwa kawaida tuta moja likichanua lingine linachipua. Safari hii udongo ulikuwa umelimwa vizuri, umesawazishwa, mtupu. Mbegu alizivuna na kuzifunga kwenye vitambaa, kila kimoja na fundo lake, akanionyesha hizi za figili, hizi za mchicha, ili nisije nikazichanganya. Jembe lake lilikuwa limeoshwa na kuegemezwa kwenye ukuta wa nyumba.

Nililala chini ya kanga. Rangi zilishuka vilevile, chungwa juu ya karatasi, nyuki vilevile. Nilihisi kama nimelala ndani ya ndoto ya mtu mwingine, kila kitu kipo na hakuna kinachoniita. Niliinuka nikiwa na karatasi nyeupe, nikakata njia mpaka kwa mjomba, mteremko wa pili, nikiwa na maneno yangu mdomoni.

Nikampa shikamoo nikaanza kumwaga. Nilimwambia mzee huyu ni mkaidi, anaondoka kwa kiburi tu, na sishangai, maana ameishi pale maisha yake yote bila hata kupanda mti, kama mtu aliyekaa kituoni anangoja gari. Mjomba alikuwa anapukuchua mahindi kwa vidole. Akaacha.

Akanieleza taratibu. Siku baba alipokuja kuoa, mkubwa wa ukoo wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimkalisha akamwambia alime, apande, ale na watoto wake, ila mti asipande. Mboga inakwisha na msimu. Mti unabaki, na aliyepanda mti siku moja atasema hapa ni pangu. Ndivyo walivyokuwa wanawaambia wakwe wote. Wengine walipanda kimyakimya na hakuna aliyewafanya kitu. Baba yangu alishika neno lile mpaka leo. Hata mama alipotaka kupanda mfenesi kwa mkono wake mwenyewe, kwenye ardhi yake mwenyewe, baba alimsihi asipande, kwa sababu watu wangesema ni yeye amemtuma.

Nilikaa chini kwenye maganda ya mahindi. Niliwaza zile fimbo nne, kila mwaka zinakatwa, kila mwaka zinang'olewa mvua zikikaribia. Niliwaza mashairi yangu yote, ambayo yanahusu vitu vinavyochanua na kuondoka, na jinsi nilivyokuwa najisifu kwamba huo ndio mtindo wangu. Nikamuuliza mjomba, ikiwa yule marehemu alikataza, nani anaweza kuruhusu. Mjomba akasema mkubwa wa ukoo. Akatabasamu kidogo, maana ni yeye.

Kesho yake niliteremka mjini kununua mche wa mfenesi, ungali ndani ya kiriba cha plastiki, majani machache mazito ya kijani. Muuzaji alinishauri mparachichi wa kubebesha, unaozaa haraka. Nikamwambia sitaki wa haraka. Nikaubeba mapajani kwenye bodaboda, nikaupandisha mlima mikononi, nikampitia mjomba, tukaenda pamoja.

Baba alikuwa anachota maji. Alipouona mche alijua. Alirudi nyuma hatua moja, kama nimemletea mtoto wa watu ambaye yeye hakuruhusiwa kumshika.

Nikamwambia apande. Akasema nipande mimi, ni kwangu. Nikamwambia sitaki mti wa kwangu, nataka wa kwake. Akamtazama mjomba, na nilivyoona uso wake nikatamani kugeuka pembeni, kwa sababu baba yangu alikuwa anaogopa.

"Panda, shemeji," mjomba akasema. "Mimi ndiye nimesema."

Maji yaliendelea kupita kwenye mfereji. Baba akaweka keni chini. Akachukua jembe lake lililooshwa, akaja mpaka penye fimbo nne, akazunguka kanga mara moja, mara ya pili, anatazama jua. Nilidhani anatafuta namna ya kukataa.

"Huwa unalazaga kichwa upande gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akasema haelewi, nilale tupime. Basi mimi, mtu mzima, na gauni langu la kwenda mjini, nikalala chali kwenye udongo mbele ya mjomba wangu. Baba akaangalia kichwa changu kilipo, akahesabu kimoyomoyo, akasogea upande jua linakozamia, akarudi kidogo, akapiga jembe.

"Toka ulipoanza kuandika," alisema akiwa ameinama, anachimba, "mimi nilikuwa nauona mti hapa."

Nililia nikiwa nimelala vilevile, machozi yakaingia masikioni. Mjomba akajifanya anakagua maboga.

Vuli imeshaanza sasa. Kwenye yale matuta matupu mchicha umetoka, na hakuna aliyetaja Ngerengere. Kanga niliikunja nikairudisha ndani, fimbo nikaziacha zimezunguka mche ili mbuzi wasiufikie. Kivuli chake kinatosha kufunika kiganja cha mkono, na mimi nimeanza kupata maneno tena, machache, mafupi, kama mama angependa.

Jumapili nilimkuta baba amechuchumaa pale, anaondoa majani makavu shinani. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kugeuka. Akaniambia niwe na subira, mfenesi una mambo yake, itapita miaka.

"Ukianza kuzaa," akasema, "fenesi la kwanza tumpelekee mjomba wako."