Glasi ya Baba ya Jumapili

Wiki nzima nachanganya vinywaji kwenye baa moja ya Kansanga, hapa Kampala, kwa hiyo Jumapili sitaki hata kuona limau. Lakini baba yangu aliwahi kuwa mhudumu wa mesi ya maofisa jeshini, na tangu utoto wangu, kila akitoka misa kwenye kanisa kuu la Lubaga alijitengenezea kinywaji kimoja: brandi, pombe tamu ya machungwa, maji ya limau, na sukari kwenye ukingo wa glasi. Kimoja tu, kisha analala.

Mama ni Mnubi, Mwislamu. Walipooana walikubaliana kwamba pombe ikae kabati la baba, glasi zake azioshe mwenyewe kwenye beseni lake, na mama asizishike kabisa. Tuliishi hivyo bila ugomvi. Majirani ndio waliochoka kutushangaa.

Mwaka huu mikono ya baba ilianza kutetemeka. Jumapili moja nilirudi kutoka zamu ya usiku wa Jumamosi miguu imevimba, nikamkuta ameketi mbele ya kabati, limau na vipande vya glasi vimetapakaa sakafuni.

"Mikono yangu imekataa," akasema. "Hii kitu tuache. Peleka chupa zote kwa baa yako."

Niliogopa. Namjua: akiacha hicho, ataacha na kunyoa, ataacha na misa.

Basi nikakamua limau, kazi juu ya kazi. Nilitikisa kila kitu na barafu ndani ya chupa ya asali yenye kifuniko, nikamimina kwenye glasi nyingine. Baba alinusa tu. "Limau imezidi," akasema. Kumbe hata nyumbani kuna mteja. Alipojaribu kunywa, nusu ilimwagikia shati, akaiweka glasi mezani na kutazama ukuta.

Nikaenda jikoni kutafuta kitambaa. Niliporudi, mama alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, shuka la kusalia bado kichwani. Alikuwa amesimama kando ya baba, glasi mkononi, mkono wa pili umeshika kidevu cha baba.

"Mama, acha, mimi nitamshikia."

"Wewe umechoka," akanijibu. "Na kesho uko kazini. Mimi ndiyo niko na yeye kila siku." Akamgeukia. "Kunywa, Mzee. Polepole."

Baba alikunywa huku analia. Mama aligeuza uso pembeni kwa sababu ya harufu, lakini glasi hakuiachia mpaka ikaisha.